Tiba Shufaa kwa Watoto: Mlezi wa Mitundu Anapochoka, Aanzie Wapi?

Na Mwandishi Wetu, Singida

Katika Kata ya Mitundu, Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, mvua za kwanza za mwisho wa mwaka huwa ni ishara ya kila mtu kushika jembe. Kaya inayochelewa kupanda mahindi na alizeti hujua kuwa mwaka unaofuata utakuwa wa kununua chakula. Katika nyumba yenye mtoto asiyeweza kukaa, kumeza vizuri wala kusema anapoumwa, mvua hizo huleta swali zito: nani abaki na mtoto, na nani aende shambani? Mara nyingi mama ndiye anayebaki, na hubaki hivyo kwa miaka.

Makala haya yanaeleza huduma iitwayo tiba shufaa, inavyowahusu watoto wenye magonjwa mazito na ya muda mrefu, na kwa nini mapumziko ya mlezi ni sehemu ya matibabu ya mtoto. Yanaeleza pia hatua ambazo familia inayoishi mbali na hospitali kubwa inaweza kuchukua kupitia zahanati, Ofisa Ustawi wa Jamii na ndugu wa karibu.

Tiba shufaa ni nini?

Tiba shufaa ni huduma inayomlenga mgonjwa mwenye ugonjwa unaotishia maisha au usiopona, pamoja na familia yake. Kazi yake ni kupunguza maumivu na dalili nyingine zinazomsumbua mgonjwa, na kuitegemeza familia kiakili, kijamii na kiroho. Haichukui nafasi ya tiba ya kuponya. Mtoto anayepata dawa za saratani anaweza kupata tiba shufaa siku hiyo hiyo, wodi hiyo hiyo.

Wananchi wengi huamini kuwa huduma hii ni ya mtu anayekata roho, na imani hiyo huwachelewesha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, tiba shufaa kwa mtoto huanza siku ugonjwa unapobainika na huendelea iwe mtoto anapata tiba ya kuponya au la. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama kuimarisha huduma hiyo na kuiingiza katika mifumo yao ya afya.

Shirika hilo linakadiria kuwa watu milioni 56.8 duniani huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na kwamba ni takribani asilimia 14 tu ya wanaoihitaji ndio wanaoipata. Kwa upande wa watoto, asilimia 98 ya wanaoihitaji wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu yao wako Afrika. Mzigo huu, kwa hiyo, uko zaidi katika nchi kama yetu.

Watoto wanaohusika

Huduma hii haiwahusu watoto wenye saratani peke yao. Inawahusu pia watoto wenye mtindio wa ubongo unaoambatana na degedege na shida ya kumeza, waliozaliwa na mgongo wazi au vichwa vikubwa, wenye selimundu inayowaletea maumivu makali ya mara kwa mara, wenye magonjwa makubwa ya moyo, na wanaoishi na Virusi vya UKIMWI walio katika hali ya ugonjwa mkubwa. Kwa selimundu pekee, inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka.

Wengi wa watoto hawa wataishi miaka mingi, na baadhi watakua na kuwa watu wazima. Mlezi wao kwa hiyo hana kazi ya wiki mbili za kuuguza. Ana kazi ya mchana na usiku isiyo na tarehe ya kwisha: kulisha kijiko kwa kijiko, kugeuza, kusafisha, kutoa dawa kwa saa na kukesha degedege linapoanza.

Mapumziko ya mlezi ni sehemu ya tiba

Historia ya hospisi za watoto ilianzia kwenye hoja hii ya kumpumzisha mzazi. Hospisi ya kwanza ya watoto duniani, Helen House, ilifunguliwa mwaka 1982 katika mji wa Oxford, Uingereza. Mwanzilishi wake, Sista Frances Dominica, alikuwa amejitolea kumtunza mtoto mgonjwa wa familia moja aliyoifahamu ili wazazi wapate siku chache za kupumzika. Kutokana na msaada huo aliona kwamba familia nyingi zilihitaji mahali pa namna hiyo, ambapo mtoto hutunzwa na watu wenye ujuzi huku wazazi wakilala usingizi, wakiwahudumia watoto wengine na kurudi na nguvu.

Sababu za kitabibu ni rahisi kueleweka. Mlezi asiyelala husahau dozi au huirudia mara mbili. Aliyechoka humlisha mtoto akiwa amelala chali ili amalize haraka, na chakula huweza kuingia katika njia ya hewa na kusababisha nimonia. Anayemwinua mtoto wa miaka minane au kumi peke yake kila siku huumia mgongo, na akilazwa yeye, mtoto hukosa mtu. Aidha, mlezi aliyelemewa huweza kupata sonona, ambayo kijijini mara nyingi huitwa uvivu au hasira. Kumpumzisha mlezi, kwa hiyo, ni kumkinga mtoto.

Kupumzika huko si lazima kuwe kwa wiki nzima. Saa tatu za mchana, mara mbili kwa wiki, zinatosha mama kwenda mnadani, kliniki au shambani. Siku moja ya usingizi wa kutosha hubadili namna mtu anavyofikiri. Kinachotakiwa ni kwamba saa hizo ziwe na uhakika, na kwamba anayebaki na mtoto awe anajua la kufanya.

Huduma ilivyo katika Afrika Mashariki na nchini

Nchini Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, na ikajulikana kwa kutengeneza mofini ya maji kutokana na unga, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huweza kuinywa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, hatua iliyoisogeza karibu na wagonjwa wa vijijini.

Hapa nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam imekuwa kitovu cha huduma hii kwa wagonjwa wa saratani. Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha ilianza huduma za hospisi mwishoni mwa miaka ya 1990, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania likaeneza tiba shufaa katika hospitali zake kadhaa. Muheza mkoani Tanga nako kulijengwa huduma inayowafuata wagonjwa majumbani. Chama cha Tiba Shufaa Tanzania huwaunganisha wataalamu wa fani hiyo. Kwa watoto wenye saratani, Hospitali ya Taifa Muhimbili hufanya kazi na taasisi ya Tumaini la Maisha, ambayo pamoja na kusaidia matibabu hutoa malazi kwa familia zinazotoka mikoani.

Kwa wakazi wa Kanda ya Kati, mfano ulio karibu ni Nyumba ya Matumaini jijini Dodoma, inayohudumia watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa pamoja na wazazi wao. Mzazi anayefika hapo hukutana na wazazi wengine wenye watoto wa hali hiyo, hujifunza namna ya kumtunza mtoto, na hupata mahali pa kukaa wakati mtoto anasubiri upasuaji au anahudhuria kliniki. Wazazi wengi hupata hapo nafasi ya kwanza ya kuzungumza na mtu asiyehitaji kuelezwa kila kitu.

Mitundu yenyewe haina jengo la hospisi. Iko makumi ya kilomita kusini mwa mji wa Itigi, kwenye njia ielekeayo Rungwa, na hospitali ambayo wananchi wengi wa ukanda huo huitegemea kwa rufaa ni ya Mtakatifu Gaspar, iliyoko Itigi. Familia ya Mitundu haitaweza kumpeleka mtoto kupumzishwa kila wiki umbali huo. Huduma ya mapumziko katika mazingira haya inapaswa kujengwa nyumbani kwa mtoto, ikisaidiwa na zahanati.

Mlezi wa pili

Wataalamu wa huduma za nyumbani huhimiza jambo moja linaloweza kuanza bila bajeti: kila mtoto mwenye ugonjwa mzito awe na mlezi wa pili aliyefundishwa. Anaweza kuwa baba, bibi, shangazi, mama mdogo, kaka mkubwa au jirani anayeaminika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtoto anayetegemea mtu mmoja tu yuko hatarini siku mtu huyo atakapougua.

Mlezi wa pili anatakiwa afuatane na mama kliniki angalau mara moja, amsikie mtaalamu kwa masikio yake na afanye kwa vitendo mbele yake. Mambo ya msingi ya kujifunza ni haya:

1. Kulisha. Mtoto akalishwe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, apewe chakula laini kwa kiasi kidogo, na abaki wima kwa takribani nusu saa baada ya kula. Akikohoa au kubadilika rangi wakati wa kula, mtaalamu aelezwe.

2. Kugeuza. Mtoto asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda, na ngozi ya mgongoni, kiunoni na visiginoni ikaguliwe kila siku.

3. Degedege. Mtoto alazwe ubavu, nguo zilegezwe, vitu vya hatari viondolewe karibu. Asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni, asipewe maji, na asishikwe kwa nguvu. Degedege likizidi dakika tano au likirudia kabla mtoto hajazinduka, apelekwe kituoni mara moja.

4. Dawa. Saa, kiasi na jina la kila dawa viandikwe, na kila dozi iliyotolewa iwekewe alama.

Mambo hayo yote yaandikwe katika daftari moja la mtoto, pamoja na uzito wake, jina la ugonjwa kama lilivyoandikwa na daktari, vyakula anavyovimudu, dalili zake za hatari na namba za simu za ndugu na zahanati. Daftari hilo humwezesha mlezi wa pili kushika zamu bila hofu. Humsaidia pia mganga wa zamu ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo.

Maumivu ya mtoto asiyesema

Mtoto asiyeweza kusema huonesha maumivu kwa njia nyingine: kukunja uso, kulia bila kutulizika, kukaza mwili, kukataa kula, kukosa usingizi, au kunyamaza kuliko kawaida yake. Mlezi wa kila siku ndiye anayeyajua mabadiliko hayo kuliko mtu mwingine yeyote, na mtaalamu anapaswa kumsikiliza.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012, ambao uliondolewa mwaka 2019, ulielekeza ngazi mbili za dawa kwa maumivu ya kudumu ya mtoto mgonjwa. Maumivu madogo hutibiwa kwa parasetamoli au ibuprofeni. Maumivu ya wastani na makali hutibiwa kwa dawa yenye nguvu zaidi, ambayo kwa kawaida ni mofini. Dawa hutolewa kwa saa maalumu bila kusubiri mtoto alie, hutolewa kwa mdomo inapowezekana, na kiasi hupangwa kwa uzito wa mtoto husika.

Baadhi ya familia hukataa mofini kwa kuamini kuwa inaua au inamfanya mtoto kuwa teja. Mofini ikitolewa kwa maelekezo ya mtaalamu na kwa kipimo sahihi ni dawa salama ya maumivu makali. Usumbufu wake wa kawaida ni kufunga choo, na ndiyo maana daktari huandika pia dawa ya kulainisha choo. Kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa kisheria, familia inapaswa kuifungia mahali ambapo watoto wengine hawafiki, isimpe mtu mwingine, na irejeshe hospitalini kiasi kinachobaki.

Haki na ofisi zinazohusika

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na kucheza, na inakataza kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomvunjia utu. Wajibu wa matunzo ni wa wazazi wote wawili. Mzazi aliyetelekezewa mtoto mgonjwa anaweza kufika kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na ikibidi kudai matunzo mahakamani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaongeza ulinzi huo katika afya na elimu.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza msamaha wa malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, na utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo baada ya kutambuliwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima, na ndani yake kuna utaratibu wa kuzigharamia kaya zisizo na uwezo. Familia yenye mtoto mgonjwa inashauriwa kuhakikisha jina lake limeingia katika utambuzi unaofanyika ngazi ya kijiji, kwani wengi hukosa haki hiyo kwa kutohudhuria mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa mzazi aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa sababu zikiwamo kuugua au kufariki kwa mtoto. Mkulima na mfugaji hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo. Likizo yao hutoka kwa ndugu na majirani, na ndiyo sababu vikundi vya walezi vina umuhimu mkubwa vijijini. Walezi watano au zaidi wanaweza kupeana zamu na kusaidiana siku za kilimo. Wanawake wakijisajili kama kikundi, wanaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu.

Serikali, kwa upande wake, ilizindua Januari 2024 mpango jumuishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchini, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Mahali ambapo wahudumu hao wapo, familia iwaombe kumtembelea mtoto kwa ratiba, kukagua vidonda na dawa, na kuitaarifu zahanati hali inapobadilika. Maelezo ya afya hupatikana kwa simu namba 199 bila malipo. Mtoto anayefichwa, kufungiwa au kunyimwa chakula kwa sababu ya hali yake aripotiwe kwa namba 116 au kwa Mwenyekiti wa Kijiji.

Pale tiba ya kuponya inapofika mwisho

Wapo watoto ambao, licha ya juhudi zote, hawatapona. Familia ina haki ya kuuliza wazi: tiba hii inatarajiwa kuleta nini, na tukirudi nyumbani tutapewa nini cha kumtuliza? Ruhusa ya kwenda nyumbani isiwe kumtelekeza mgonjwa. Familia iondoke na dawa za maumivu za kutosha, barua ya rufaa kwenda zahanati ya karibu, na namba ya simu ya wodi.

Kwa familia inayotoka mbali, uamuzi huo una uzito wa pekee. Mtoto akirudi Mitundu akiwa hai, na maumivu yake yakidhibitiwa, hukutana na bibi yake, ndugu zake na kitanda chake. Akifia hospitali ya mbali, familia hubeba huzuni pamoja na gharama ya kusafirisha mwili, gharama ambayo huweza kumaliza mazao ya msimu mzima. Mazungumzo haya ni magumu, lakini yakifanyika mapema huipa familia nafasi ya kuchagua.

Ndugu wa mtoto nao wasisahauliwe. Wanaona kila kitu, na wasipoelezwa huweza kudhani kuwa wao ndio waliosababisha ugonjwa. Waambiwe ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wao, waruhusiwe kumshika na kumwimbia mwenzao, na waendelee kwenda shule. Baada ya msiba, mama aliyekuwa amezoea kuamka kila saa mbili usiku anahitaji kutembelewa kwa miezi kadhaa, kwa kuwa upweke wake huanza pale matanga yanapokwisha.

Hatua za kuanzia

Familia yenye mtoto wa namna hii inashauriwa kufanya mambo manne ndani ya mwezi mmoja: kumpeleka mtoto kituo cha afya na kuuliza kwa jina huduma ya tiba shufaa, kufika kwa Ofisa Ustawi wa Jamii kuhusu msamaha na bima, kuchagua mlezi wa pili na kuanza naye mafunzo, na kufungua daftari la mtoto. Viongozi wa vitongoji na wa dini, kwa upande wao, wanaombwa kuzijua kaya hizo na kupanga watu wa kushika zamu kabla ya msimu wa kilimo kuanza, ili mvua zinaponyesha, mama wa mtoto mgonjwa naye awe miongoni mwa wanaokwenda shambani.